Asili na Uambishaji wa Nomino *synъ 'Mwana wa Kiume' katika Kislavi Mame

Ikisiri

Makala haya yanafafanua asili na uambishaji wa nomino *synъ, yenye maana ya 'mwana wa kiume', kama inavyoundwa upya katika Kislavi Mame. Mambo matatu yanashughulikiwa: uhusiano wa nomino hiyo na lugha nyingine za Kihindi-Kiulaya, mabadiliko ya sauti yaliyoifikisha katika umbo lake, na jedwali la maumbo yake ya uhusika. Hoja kuu ni kwamba jedwali hilo haliwezi kupatikana kwa kuhesabu maumbo yaliyo mengi katika lugha za Kislavi za leo, kwa kuwa wingi huo ni matokeo ya mlinganisho uliotokea baadaye. Ushahidi wenye uzito unatoka katika maumbo machache yasiyofuata kanuni ya sasa, yanapolinganishwa na Kilithuania, Kisanskriti na Kigothi. Inaonyeshwa pia kwamba kundi la nomino lililotoweka linaweza kuacha urithi mkubwa kuliko ukubwa wake lilipokuwa hai.

1.0 Utangulizi

Kislavi Mame ni lugha iliyozaa Kirusi, Kiukraine, Kipolandi, Kicheki, Kislovenia, Kiserbia, Kikroatia, Kibulgaria na lugha nyingine za jamii hiyo. Lugha hiyo haikuandikwa. Maandishi ya kwanza ya Kislavi yalitokana na kazi ya Cyril na Methodius, waliotumwa Moravia mwaka 863, na miswada iliyosalia ya Kislavi cha Kanisa cha Kale ni ya karne ya 10 na ya 11. Kwa hiyo kila umbo la Kislavi Mame hutanguliwa na alama ya nyota, kama wafanyavyo wanaisimu wa Kibantu tangu Carl Meinhof alipochapisha kazi yake ya mwaka 1899 kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu. Nyota hiyo ina maana kwamba umbo halikushuhudiwa, bali limefikiwa kwa hoja. Kazi ya mtafiti ni kuonyesha hoja hiyo hatua kwa hatua.

Nomino *synъ inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni neno la ukoo, na maneno ya ukoo hudumu muda mrefu katika lugha. Pili, lilikuwa katika kundi dogo la nomino ambalo shina lake liliishia kwa irabu u, kundi ambalo halipo tena likiwa kundi kamili katika lugha yoyote ya Kislavi ya leo. Anayetaka kuliunda upya hana budi kueleza kwa nini anayaamini maumbo machache na kuyaacha yaliyo mengi.

Katika makala haya, alama ъ inawakilisha irabu fupi mno ya nyuma, ь irabu fupi mno ya mbele, na y irabu ya juu isiyoviringwa midomo, iliyo kati ya i na u. Alama x inasomwa kama kh katika neno kheri, na č kama ch.

2.0 Asili ya neno

Neno hili lina ndugu wa karibu katika matawi mengi ya Kihindi-Kiulaya: Kilithuania sūnùs, Kisanskriti sūnúḥ, Kiavesta hunuš, Kigothi sunus na Kiingereza cha Kale sunu. Yote yana maana ya 'mwana wa kiume', na yote yana shina linaloishia kwa u. Kutokana na ulinganifu huo, wanaisimu huunda upya umbo la Kihindi-Kiulaya Mame *suHnús, ambapo H ni konsonanti ya koromeo iliyopotea baadaye na kuiachia irabu iliyotangulia urefu wake.

Mzizi wa neno ni *suH- 'kuzaa', unaoonekana katika kitenzi cha Kisanskriti sūte 'anazaa' na katika nomino ya Kiairishi cha Kale suth 'uzao'. Kiambishi -nu- kiliongezwa kwenye mzizi huo, na maana ya awali ilikuwa 'aliyezaliwa'. Kigiriki kina huiús, na Kitokari B kina soy, ambayo yanatoka katika mzizi uleule lakini kwa kiambishi -yu- badala ya -nu-. Kilatini kililiacha neno hili na kutumia filius, lenye mzizi unaohusiana na kunyonya. Hivyo mzizi ulienea sana, ila umbo lenye -nu- linayaunganisha hasa matawi ya Kislavi, Kibaltiki, Kijerumani na Kihindi-Kiirani.

Linaweza kuzuka swali iwapo Waslavi walilikopa neno hili kutoka kwa majirani wao Wajerumani, kwa kuwa maneno kadhaa ya Kijerumani yaliingia Kislavi Mame. Jibu linapatikana katika irabu ya kwanza. Kijerumani kina u fupi, na u fupi ya kale katika Kislavi huwa ъ. Kama neno lingekopwa, matokeo yangekuwa *sъnъ. Umbo hilo lipo kweli katika Kislavi Mame, lakini ni neno jingine lenye maana ya 'usingizi', lililotokana na *supnos. Irabu y ya *synъ inadai ū ndefu, ile inayoonekana katika Kilithuania na Kisanskriti. Neno basi ni la urithi. Ufupi wa irabu katika Kijerumani unaelezwa na kanuni iliyofupisha irabu zilizotangulia silabi yenye mkazo.

3.0 Mabadiliko ya sauti

Njia kutoka *suHnús hadi *synъ ina hatua nne. Kwanza, konsonanti ya koromeo ilipotea na u ikarefuka: *sūnus. Pili, ū ndefu ikawa y, kama ilivyo kwa kawaida katika maneno mengine ya Kislavi yenye ū ya kale. Tatu, u fupi ya silabi ya mwisho ikawa ъ. Nne, konsonanti zote za mwisho wa neno zilidondoshwa, kwa kuwa Kislavi Mame kilielekea kwenye silabi wazi, yaani silabi zinazoishia kwa irabu. Msomaji wa Kiswahili hatapata shida kuuelewa mwelekeo huo, kwani ndio muundo wa kawaida wa silabi za Kibantu.

Udondoshaji huo wa mwisho ulikuwa na athari kubwa. Tamati ya kiima *-us na tamati ya yambwa *-um zote zilibaki ъ tu. Katika kundi la -o- nako kiima na yambwa ya umoja vilifikia ъ. Kwa hiyo makundi mawili yaliyokuwa mbali yalikutana katika maumbo yanayotumika zaidi. Hapo ndipo ulipoanza mchanganyiko unaojadiliwa katika sehemu ya 5.0.

Kuhusu lafudhi, neno hili lina mkazo unaohama kati ya shina na tamati, aina inayoitwa c na wanaisimu wa Kislavi. Kilithuania kinaonyesha uhamaji huohuo: kiima sūnùs kina mkazo kwenye tamati, na yambwa sū́nų kina mkazo kwenye shina. Tofauti iliyopo ni ya toni. Irabu ya shina katika Kilithuania ina toni ya akuti, ilhali Kiserbia na Kikroatia vina sîn, chenye toni ya kushuka. Tofauti hiyo inaelezwa na kanuni ya Antoine Meillet, isemayo kwamba katika nomino zenye mkazo unaohama, Kislavi kiliibadili akuti ya kale kuwa toni ya kushuka.

4.0 Jedwali la uambishaji

Kislavi Mame kilikuwa na uhusika wa aina saba na idadi tatu: umoja, uwili na wingi. Maumbo yanayoundwa upya ni haya:

| Uhusika | Umoja | Uwili | Wingi |
|---|---|---|---|
| Kiima | *synъ | *syny | *synove |
| Umilikishi | *synu | *synovu | *synovъ |
| Mpokeaji | *synovi | *synъma | *synъmъ |
| Yambwa | *synъ | *syny | *syny |
| Ala | *synъmь | *synъma | *synъmi |
| Mahali | *synu | *synovu | *synъxъ |
| Wito | *synu | *syny | *synove |

Jedwali linaonyesha kwamba shina lina sura tatu. Sura ya kwanza ni -ъ-, iliyotokana na u fupi: *synъmь, *synъmi, *synъxъ. Sura ya pili ni -u, iliyotokana na irabu unganifu *ou: *synu. Sura ya tatu ni -ov-, ambapo irabu unganifu ilifuatwa na irabu nyingine na sehemu yake ya pili ikawa konsonanti: *synovi, *synove, *synovъ. Sura hizo si za kubahatisha. Ni mwangwi wa mabadilishano ya irabu ya Kihindi-Kiulaya Mame, ambamo tamati moja ilionekana kama u, ou au eu kulingana na uhusika.

Kila umbo lina shahidi nje ya Kislavi. Umilikishi wa umoja *synu unalingana na Kilithuania sūnaũs, Kigothi sunaus na Kisanskriti sūnóḥ, ambayo yote yanatokana na *-ous. Mpokeaji *synovi unalingana na Kisanskriti sūnáve. Kiima cha wingi *synove kinalingana na sūnávaḥ. Umilikishi wa wingi *synovъ una mwenzake katika Kigothi suniwe. Uhusika wa ala wa wingi *synъmi unalingana na Kilithuania sūnumìs, na pia na Kisanskriti sūnúbhiḥ, isipokuwa Kislavi na Kibaltiki vina m pale ambapo Kisanskriti kina bh.

Maumbo mawili yanahitaji maelezo zaidi. La kwanza ni *synъxъ. Tamati ya asili ilikuwa *-su, lakini katika Kislavi s iliyotanguliwa na i, u, r au k iligeuka kuwa x. Kisanskriti nacho kina badiliko la namna hiyo katika sūnúṣu, ambapo s imegeuka ṣ baada ya u. Umbo la pili ni wito *synu. Irabu unganifu *eu ilikuwa ikiilainisha konsonanti iliyoitangulia, nayo *ou haikufanya hivyo. Kwa kuwa n ya *synu haina ulaini, wito ulitokana na *-ou, jambo linaloafikiana na Kilithuania sūnaũ.

5.0 Kusambaratika kwa kundi

Katika Kislavi cha Kanisa cha Kale, nomino ambazo bila shaka ni za kundi la -u- ni chache: synъ, domъ 'nyumba', volъ 'maksai', medъ 'asali', vrьxъ 'kilele', polъ 'nusu', pamoja na nyingine kidogo. Hata hizo hazikuwa imara. Katika miswada, umilikishi synu unapatikana sambamba na syna, yenye tamati ya kundi la -o-. Wakati huohuo nomino za kundi la -o- zinaanza kupokea tamati za kundi la -u-, kama katika bogovi, 'kwa Mungu', badala ya bogu. Maji yalikuwa yanapita pande zote mbili.

Leo umilikishi wa neno hili ni syna katika Kirusi, Kipolandi na Kicheki, na sina katika Kiserbia na Kikroatia. Mtafiti anayehesabu tu angehitimisha kwamba Kislavi Mame kilikuwa na *syna, na kwamba nomino hii ilikuwa ya kundi la -o-. Hitimisho hilo lingekuwa na makosa. Kipolandi bado kina synu katika uhusika wa mahali na wa wito, tofauti na nomino nyingi za aina yake. Kicheki kina wito synu. Nomino za ukoo zilizonyambuliwa nazo zimehifadhi -ov-, kama Kicheki synovec 'mpwa wa kiume' na Kipolandi synowa 'mkazamwana'. Hakuna kanuni ya leo inayoweza kuyazalisha maumbo hayo, kwa hiyo hayawezi kuwa mapya. Ni masalia. Yanapowekwa kando ya sūnaũs na sūnóḥ, yana nguvu kuliko lugha zote zenye syna zikijumlishwa.

6.0 Urithi wa tamati za -u-

Kundi dogo lilimezwa na kundi kubwa, lakini tamati zake hazikufa. Ziligawanywa upya, na mgawanyo huo ulifuata mahitaji ya lugha.

Hitaji la kwanza lilikuwa la kutofautisha. Katika kundi la -o-, udondoshaji wa konsonanti za mwisho uliufanya umilikishi wa wingi ufanane kabisa na kiima cha umoja: *orbъ ilikuwa 'mtumwa' na pia 'ya watumwa'. Tamati -ovъ ya *synovъ iliondoa utata huo. Ndiyo sababu leo umilikishi wa wingi wa nomino za kiume ni -ov katika Kirusi, -ów katika Kipolandi na -ů katika Kicheki, kwa mamia ya nomino ambazo hazikuwahi kuwa za kundi la -u-. Vivyo hivyo, tamati ya ala -ъmь ilienea katika Kislavi cha mashariki na cha magharibi, na kusini -omь ikabaki.

Hitaji la pili lilihusu maana. Tamati -ovi na -ove zilishikamana na nomino za watu. Sababu iko wazi: *synъ, lililokuwa neno la watu linalotumika mno katika kundi lake, ndilo lililokuwa kielelezo cha mlinganisho. Kipolandi kina panowie 'mabwana' na królowie 'wafalme', na Kicheki hutumia -ovi hasa kwa vyenye uhai. Katika lugha nyingine mpaka huo ulivukwa. Kiserbia na Kikroatia vina gradovi 'miji', na Kibulgaria kina gradove. Mfano wa Kibulgaria ni wa kuzingatiwa, kwa sababu nomino zake zimepoteza karibu mfumo wote wa uhusika, na bado -ove imedumu ikiwa alama ya wingi.

Kinyume chake, umilikishi -u na mahali -u vilielekea kwa vitu visivyo na uhai. Kipolandi kina domu 'ya nyumba' na lasu 'ya msitu'. Kirusi kina v lesu 'msituni' na na mostu 'darajani', ambapo -u yenye mkazo inafanya kazi inayofanana na ya -ni ya Kiswahili. Kirusi pia husema čaška čaju 'kikombe cha chai'. Neno čaj ni la mkopo na liliingia Kirusi karne nyingi baada ya Kislavi Mame. Kulipa tamati -u ni ushahidi kwamba tamati hiyo ilikuwa bado hai na yenye uzalishaji.

Hapa pana jambo la kutafakari: *synъ, nomino ambayo vitabu vya sarufi huitumia kama mfano wa kundi la -u-, ndiyo iliyopoteza umilikishi wake wa -u. Maelezo yanayopendekezwa yanatokana na uhai wa kirejelewa. Kwa kuwa kiima na yambwa vilikuwa sawa, sentensi yenye watu wawili haikuonyesha nani ni mtenda na nani ni mtendwa. Kislavi kilitatua tatizo hilo kwa kutumia umilikishi mahali pa yambwa kwa nomino za watu. Iwapo umilikishi huo ungekuwa *synu, ungegongana na mpokeaji -u wa kundi la -o-, lililokuwa likichanganyika na kundi hili. Umbo syna halikuwa na mgongano huo. Hata hivyo maelezo haya yanaonyesha mwelekeo, hayatoi sheria: Kipolandi kina wół 'maksai', nomino ya chenye uhai, ambayo umilikishi wake hadi leo ni wołu. Katika nomino hiyo mpokeaji ni wołowi, hivyo mgongano haupo, na umbo la kale halikulazimika kuondoka. Kwa upande wa syn, ambayo nayo ina synowi, ni lazima kuongeza sababu nyingine, nayo ni mvuto wa nomino nyingi za watu zilizokuwa tayari na -a.

Msomaji wa Kiswahili anaufahamu mvutano wa aina hii kati ya umbo na maana. Nomino kijana, kipofu na kiongozi zina kiambishi cha ngeli ya KI-VI, lakini upatanisho wake wa kisarufi ni wa ngeli ya watu: kiongozi yule amefika. Uhai wa kirejelewa umelishinda umbo la nomino. Katika Kislavi ushindi huo ulionekana kwenye tamati za uhusika, na katika Kiswahili unaonekana kwenye upatanisho, lakini chanzo ni kimoja.

Mwisho, -ov- iliingia katika uundaji wa maneno. Kivumishi cha umiliki chenye -ov- kilitokana na shina la -u- na kuenea kwa nomino nyingine za kiume. Majina ya ukoo kama Ivanov na Petrov, ambayo asili yake ni 'wa Ivan' na 'wa Petr', yamebeba kipande cha shina ambalo majina hayo yenyewe hayakuwahi kuwa nalo.

7.0 Hitimisho

Nomino *synъ ni neno la urithi kutoka Kihindi-Kiulaya Mame *suHnús, na irabu yake y inaondoa uwezekano wa mkopo wa Kijerumani. Uambishaji wake ulikuwa wa kundi la -u-, wenye sura tatu za shina: -ъ-, -u na -ov-. Jedwali lililowasilishwa linategemea masalia yasiyo ya kawaida katika lugha za Kislavi pamoja na ushahidi wa lugha nyingine za Kihindi-Kiulaya. Halitegemei wingi wa maumbo ya leo. Kwa isimu historia kwa jumla, zikiwamo tafiti za lugha za Kibantu, funzo la kimbinu ni kwamba umbo linaloshirikiwa na lugha nyingi linaweza kuwa ubunifu wa pamoja au wa sambamba, na umbo la pekee linaweza kuwa la kale. Kabla ya kuhesabu lugha, mtafiti anapaswa kuuliza ni umbo lipi linaloweza kuelezwa kwa mlinganisho na lipi lisiloweza. Lile lisiloweza ndilo lenye kutoa ushahidi wa lugha mame.